Maswali ya Wasomaji: Kazi Niliyoifanya kwa Mwajiri wa Zamani, Je, Naweza Kuionyesha?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa fani mbalimbali, ila zote zinazunguka jambo moja: mtu ameacha ajira ili afanye kazi za ubunifu kwa kujitegemea, mteja mpya anataka kuona alichowahi kufanya, na karibu kila alichowahi kufanya kilifanyika chini ya paa la mwajiri. Nimeanza na barua iliyolieleza jambo hili kwa ukamilifu zaidi, na jibu lake nimelirefusha kwa makusudi, kwa sababu barua nyingine zinaliegemea.

Ndugu Mshauri,
Nilikuwa msanifu wa michoro katika kampuni ya matangazo kwa miaka sita, na miezi miwili iliyopita niliaga kwa wema ili nijitegemee. Vyote nilivyo navyo vya kumwonyesha mteja nilivifanya nikiwa kule: nembo, vifungashio, mabango, hata sura za tovuti mbili. Rafiki yangu mmoja anasema niviweke vyote katika potifolio yangu, yaani mkusanyiko wa kazi ninazowaonyesha wateja, kwa kuwa ni jasho langu. Mwingine anasema nikithubutu kuweka hata kimoja nitafikishwa mahakamani. Mkataba wangu wa ajira una mstari mmoja tu kuhusu jambo hili, usemao kwamba kazi zote nilizozifanya nikiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni. Nimsikilize nani?
Msanifu Aliyekwama

Ndugu Msanifu,
Rafiki zako wote wawili wamechanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa, yaani nani anaimiliki kazi na nani aliifanya. Wa kwanza ameona jasho akadhani ni umiliki; wa pili ameona umiliki akadhani jasho limefutika. Potifolio ni ushahidi wa ufundi wako, na ufundi huo hakuna mkataba unaoweza kukuvua; hata hivyo, ushahidi wenyewe umebebwa na kitu ambacho ni mali ya mtu mwingine, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Tuanze na umiliki. Katika nchi nyingi, kazi aliyoibuni mwajiriwa wakati akitekeleza majukumu ya ajira yake huwa mali ya mwajiri, hata kama mkataba haukusema neno. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 inamtambua mwajiri kuwa mmiliki wa kwanza, isipokuwa kama pande mbili zilikubaliana vinginevyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inakwenda mbali zaidi na kumhesabu mwajiri kuwa ndiye mtunzi. Ujerumani ina mtazamo mwingine kabisa: kwa sheria yake ya mwaka 1965 utunzi haumtoki aliyetunga, na mwajiri hupata haki za kuitumia kazi tu. Ule mstari mmoja wa mkataba wako, kwa hiyo, katika mahali pengi hauongezi lolote ambalo sheria haikuwa imeshalisema.

Yapo pia yanayoitwa haki za kimaadili za mtunzi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ndio msingi wa sheria za hakimiliki katika sehemu kubwa ya dunia, uliongezewa mwaka 1928 kifungu kinachompa mtunzi haki ya kudai kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi, hata baada ya haki za kiuchumi kuhamia kwa mwingine. Wabunifu wengi wakishasikia habari za kifungu hiki hukishika kama ngao, nami naona wanakibebesha mzigo usio wake. Haki ya kutajwa jina si haki ya kunakili, na zipo nchi ambazo zimeipunguza sana haki hiyo kwa kazi za waajiriwa.

Mfano wa mwashi unanisaidia kulieleza jambo hili. Mwashi aliyejenga nyumba ya mtu anaweza kusimama barabarani akamwambia mteja mpya, «Ile pale niliijenga mimi», na hakuna wa kumzuia, kwa sababu anasema kweli na nyumba yenyewe haijaguswa. Wewe unaposema kwamba ulisanifu kifungashio fulani, umefanya kama mwashi. Lakini unapoipakia picha ya kifungashio hicho katika tovuti yako umetengeneza nakala, na kutengeneza nakala ndiko hasa kunakolindwa na hakimiliki. Ndiyo maana kumwelekeza mteja kwa kiungo mahali ambapo mwenye mali mwenyewe ameitangaza kazi hiyo ni salama kuliko kuichukua na kuiweka kwako.

Sasa tujue wa kumwomba ruhusa. Kampuni ya matangazo mara nyingi si mwisho wa mnyororo, kwa kuwa mteja wake, baada ya kulipa, huenda amekabidhiwa haki zote za nembo au kifungashio kile, na nembo ikawa pia alama ya biashara iliyosajiliwa. Mwajiri wako wa zamani anaweza basi kukuruhusu kwa moyo mweupe jambo ambalo hana tena mamlaka nalo. Mwulize waziwazi: haki za kazi hii ziko kwenu au kwa mteja wenu? Kama ziko kwa mteja, mwombe yeye ndiye amwandikie mteja huyo kwa niaba yako au akuruhusu uwasiliane naye. Usimrukie mteja moja kwa moja, kwa sababu mikataba mingi ya ajira humzuia anayeondoka kuwafuata wateja wa kampuni kwa muda fulani, na barua yako ya kuomba ruhusa, hata ikiwa na nia njema kiasi gani, inaweza kusomeka kama chambo.

Ombi lenyewe liwe fupi, liandikwe, na liorodheshe kazi kwa majina. Ombi la jumla la «kazi nilizofanya kwenu» humtia hofu anayelisoma, naye hulipeleka kwa mwanasheria, na huko likakaa. Unaweza kuandika hivi: «Naomba ruhusa ya kuonyesha kazi tatu zifuatazo katika potifolio yangu, yaani katika tovuti yangu na katika nakala ninazowapelekea wateja watarajiwa. Kazi zote tatu zimekwishatangazwa hadharani. Nitaitaja kampuni yenu na kueleza sehemu niliyoifanya, sitatoa faili za kazi hizi kwa mtu yeyote, na nitaziondoa mara mtakaponitaka nifanye hivyo.» Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua milango mingi, kwa sababu anayekubali anajua kwamba hajajifunga milele. Jibu likija, hata la sentensi moja kwa barua pepe, lihifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na meneja aliyekukubalia leo huenda mwakani akawa amehamia kwingine.

Tenganisha pia kilichotangazwa na kisichotangazwa. Bango lililokwisha kubandikwa barabarani halina siri ya kufichuliwa. Mgogoro juu yake, ukitokea, utakuwa wa hakimiliki peke yake, na wenye mali wengi huona faida kazi yao ikionekana. Kampeni ambayo haijatoka ni habari nyingine, na vivyo hivyo michoro ya bidhaa iliyoahirishwa, na takwimu za mauzo ulizozisikia kikaoni. Hapo unaingia katika wajibu wa kutunza siri, ambao hauishi siku unaporudisha funguo za ofisi. Nimeona pia watu wakidhani kwamba michoro iliyokataliwa na mteja hurudi kuwa ya mchoraji. Hairudi. Kama uliichora kwa saa za kazi na kwa agizo la kazi, imebaki kuwa ya mwajiri, pengine ikiwa na siri kuliko ile iliyokubaliwa, kwa sababu inaonyesha mteja alikuwa akiwaza nini.

Ukishapata ruhusa, andika chini ya kila kazi maelezo ya kweli: kazi ilifanywa na kampuni fulani, kwa ajili ya mteja fulani, na wewe ulifanya hiki na hiki. Na kuna kosa moja ambalo naliona kila mahali na silipendi hata kidogo, nalo ni la mtu aliyejitegemea jana kuweka ukurasa wenye kichwa «Wateja Wangu» na kuupamba kwa nembo za makampuni makubwa ambayo kamwe hayajawahi kumlipa yeye. Yalikuwa wateja wa mwajiri wake. Hata pale ambapo kila picha ina ruhusa, kichwa hicho kinasema uongo, na mteja mpya akipiga simu moja tu kuulizia, ataanza kutilia shaka na yale ya kweli. Andika «Nilipokuwa katika kampuni fulani nilishiriki katika kazi za», kisha uwataje.

Ushauri wa mwisho kwako ni wa uchache. Chagua kazi tano au sita unazoweza kuzieleza tangu tatizo la mteja lilipokuwa hadi uamuzi ulioufikia, na uombe ruhusa ya hizo tu. Anayetaka kukuajiri hapimi uzito wa potifolio. Anataka kujua unavyofikiri.

Ndugu Mshauri,
Mimi ni mwandishi wa matangazo. Nilimwomba mwajiri wangu wa zamani ruhusa kama watu wanavyoshauri, na jibu likawa hapana, bila sababu. Kazi nyingi nilizozifanya zilikuwa chini ya mkataba wa kutunza siri. Nimefikiria kuziweka katika ukurasa unaofunguliwa kwa nenosiri, au kubadilisha jina la bidhaa na rangi ili isijulikane ni ya nani. Je, hilo linaruhusiwa?
Niliyenyimwa

Ndugu Uliyenyimwa,
Nenosiri hupunguza idadi ya wanaoona. Halibadilishi ukweli kwamba umenakili bila ruhusa, na kama kuna mkataba wa kutunza siri, kumfunulia mtu mmoja kwa nenosiri ni kufunua. Nenosiri linafaa kwa mtu aliyepewa ruhusa yenye masharti, mathalani mwajiri aliyesema kwamba waonyeshe wateja unaozungumza nao lakini usiitangaze. Kwako wewe uliyekataliwa halina msaada.

Kubadilisha jina na rangi nako hakutoshi. Ukichukua tangazo lile lile, sentensi zile zile na mpangilio ule ule, kisha ukapaka jina jingine juu, umetengeneza kazi iliyozaliwa na kazi ya mtu, na haki ya kufanya marekebisho ya namna hiyo nayo ni ya mwenye hakimiliki. Isitoshe, watu wa fani moja wanatambuana kwa mikono. Yule aliyekuwa mezani nawe ataijua kazi ile hata ukiivalisha kanzu.

Njia iliyo wazi kwako ni pana kuliko unavyodhani. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala hailindi wazo, mbinu au ujuzi, na jambo hili limeandikwa bayana katika makubaliano ya kimataifa ya TRIPS ya mwaka 1994, yanayohusu haki za ubunifu katika biashara. Ulichojifunza kuhusu namna ya kumweleza mnunuzi jambo gumu kwa maneno machache ni chako, nawe unaweza kwenda nacho popote. Kwa hiyo andika maelezo ya kazi bila kuionyesha: «Kwa taasisi moja ya fedha niliandika ujumbe mfupi wa kuwaongoza wateja wapya hatua kwa hatua. Tatizo lilikuwa kwamba wengi waliishia njiani kwenye ukurasa wa masharti. Niliyagawa masharti katika maswali mafupi na kuondoa maneno ya kisheria yasiyo ya lazima.» Hapo hujataja jina, hujatoa takwimu, na hujanukuu neno hata moja, lakini mteja ameona akili ikifanya kazi. Jihadhari tu maelezo yasiwe mahususi kiasi cha kumtambulisha mhusika hata bila jina, hasa pale ambapo mkataba ulitaka kuwepo kwa kazi yenyewe kuwe siri.

Kisha tunga kazi mpya kabisa. Buni bidhaa ambayo haipo, ipe mnunuzi na tatizo, uandike kampeni yake kuanzia mwanzo, na useme wazi kwamba ni kazi ya majaribio isiyo na mteja. Baadhi ya wabunifu huona haya kuonyesha kazi za namna hii, wakidhani zinawatangaza kuwa hawana wateja. Mimi nimewahi kukaa upande wa wanaochagua, na nakiri kwamba kazi ya majaribio iliyofikiriwa vizuri ilinishawishi zaidi kuliko bango maarufu ambalo sikuweza kujua nani alifanya nini ndani yake. Ukitaka kuharakisha, tafuta kazi ndogo mbili au tatu za kulipwa, hata kwa bei ya chini, na katika makubaliano yake uandike mapema kwamba una haki ya kuzionyesha.

Na huyo aliyekunyima usimjibu kwa hasira. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo: barua ya kukuthibitisha kwamba ulifanya kazi kwake, kwa cheo fulani na kwa miaka fulani, ni jambo ambalo mwajiri aliyekataa kuonyesha kazi bado anaweza kukupa, na barua hiyo ikiambatana na maelezo yako itayapa uzito.

Ndugu Mshauri,
Nilihariri video moja ya matangazo nikiwa na timu ya watu tisa. Juzi nimeikuta katika potifolio ya mwenzetu aliyekuwa akisaidia upande wa sauti, naye ameandika kwamba aliiongoza na kuihariri. Nimshtaki? Na mimi nikiiweka, nani ataniamini?
Mhariri wa Video

Ndugu Mhariri,
Anza kwa kumwandikia faraghani, kwa upole, ukimwomba arekebishe maelezo. Mara nyingine mtu ameandika «tuliongoza na kuhariri», kisha katika kufupisha akapoteza wingi. Mara nyingine amevaa nguo ya kuazima, nayo haisitiri. Asiporekebisha, mjulishe mwajiri wa zamani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye video na ndiye anayeweza kudai iondolewe. Kesi ya mahakamani baina ya watu wawili ambao wote hawaimiliki kazi ni njia ndefu yenye mavuno haba.

Kuhusu kuaminiwa, jambo litakalokuokoa ni umahususi. Usiseme tu kwamba ulihariri. Eleza kwamba ulipokea picha za saa kadhaa, kwamba mpangilio wa kwanza ulianza na mahojiano, kwamba ulipendekeza mahojiano yasogezwe mwishoni na kwa nini, kisha uwataje wenzako kwa kazi zao, mpiga picha, mtu wa sauti na mwongozaji, iwapo wameridhia kutajwa. Anayedai kazi ya mtu hawezi kuyaeleza maamuzi hayo bila kubabaika akiulizwa swali la pili.

Ndugu Mshauri,
Mimi ni mpiga picha. Sikuwahi kuajiriwa, kampuni moja ilikuwa ikiniita kwa kazi moja moja na kunilipa kwa ankara. Hatukuandikiana chochote kuhusu haki. Je, nami ninahitaji kuomba ruhusa?
Mpiga Picha

Ndugu Mpiga Picha,
Hali yako ni nzuri kuliko ya wenzako waliotangulia, ila inategemea ulipo. Marekani mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua shauri la mchonga sanamu James Earl Reid dhidi ya shirika la hisani lililomwagiza sanamu bila mkataba wa maandishi. Ilionekana kwamba hakuwa mwajiriwa, kwa kuwa alitumia zana zake, katika karakana yake, na aliagizwa kwa kazi moja tu, na kwa hiyo sanamu ile haikuwa kazi ya mwajiri kwa maana ya sheria. Uingereza nako aliyeagizwa kazi bila kuajiriwa kwa kawaida hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi. Kenya, kinyume chake, kwa sheria ya mwaka 2001 kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlikubaliana tofauti. Soma basi sheria ya mahali ulipo kabla ya kutembea kifua mbele, na usome pia maandishi madogo ya oda ulizopokea, kwa sababu baadhi ya makampuni huweka uhamisho wa haki nyuma ya karatasi ambayo hakuna anayeigeuza.

Hata picha zikiwa zako, wapo waliomo ndani yake. Mtu aliyekubali kupigwa picha kwa ajili ya tangazo la kampuni ile hakukubali kulitangaza jina lako. Angalia fomu ya ridhaa aliyoitia saini, na kama haikugusa matumizi ya mpiga picha, mwombe tena.

Ndugu Mshauri,
Bado nimeajiriwa, nakusudia kuondoka baada ya miezi mitatu. Je, ninakili faili zangu sasa kabla hawajanifungia kompyuta?
Anayejiandaa

Ndugu Unayejiandaa,
La. Kubeba faili ghafi kwa siri ni kosa zito kuliko kuonyesha picha moja bila ruhusa, na ndilo ambalo waajiri hulifuatilia kwa bidii zaidi. Tumia miezi hiyo mitatu kuandika, nyumbani na katika daftari lako, ni kazi zipi zilizokwishatangazwa hadharani, zilitangazwa wapi na lini, na sehemu yako ilikuwa ipi, bila kunakili siri yoyote. Kisha, siku utakapopeleka barua ya kuacha kazi, ombi la kuonyesha kazi tatu au nne liwe katika bahasha hiyo hiyo, kwa sababu wakati huo bado wanakuhitaji ukabidhi majukumu yako vizuri.